Mikroni Kumi na Tatu

Shafti ya kinu cha muhogo ikilika pale beringi inapokaa, mtaa mzima hukosa unga wa fufu. Mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mwenye kinu huifunga shafti kwenye pikipiki na kuipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza. Namstahi sana fundi huyo, hasa kwa kujua wapi chuma kinadai usahihi na wapi hakidai.

Beringi namba 6206 ina tundu la milimita 30. Kwa mkao wa k6 wa kanuni za ISO 286, shafti yake izidi 30 kwa mikroni 2 hadi 15 tu, na mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Nafasi yote ni mikroni 13; unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Lakini katikati ya beringi mbili, hata ukikosea nusu milimita kinu kitasaga. Kulainisha shafti nzima ni kumlipisha mteja saa zisizomfaa kitu.

Fundi mzuri hujaza palipolika kwa kulehemu, huinyoosha shafti kwa kuwa moto huipinda, ndipo huikereza. Mashine ya kusaga kwa jiwe ingezifikia mikroni hizo kwa urahisi, ila ni ghali mno kwa kazi za mtaani. Basi kisu kilichonolewa upya huacha mikroni 20 au 30, na msasa wenye oili humalizia, mikrometa ikirudi kila mara.

Kisha anangoja. Shafti hiyo ikipimwa ingali na nyuzi 60, ikipoa hadi 20 itasinyaa kama mikroni 14, zaidi ya nafasi yote aliyopewa! Mteja ana haraka, na fundi anaiacha ipoe. Tangu 1931 vipimo vya urefu duniani huhesabiwa kwa nyuzi 20, na Butembo, ingawa ikweta iko jirani, haiko mbali na ubaridi huo kwa sababu ya kimo chake. Katika mji wa Beni, kule chini kwenye joto, fundi hana bahati hiyo.

Puli, gurudumu la mkanda unaoizungusha shafti hiyo, ina njia yake. Kekee hutoboa upesi, lakini tundu lake hupotoka. Kwa hiyo fundi hutoboa dogo, kisha hulitanua kwa kisu na kukereza mfereji wa mkanda bila kuifungua puli, ili vyote vizunguke kwenye kitovu kimoja. Puli iliyofunguliwa katikati ya kazi hutikisa mkanda, na mtikiso huo huila beringi mpya.