Kamusi ya Mfalme Shivaji

Shivaji, mfalme wa Wamaratha katika magharibi ya Bara Hindi, husifiwa kwa ngome zake na vita vyake vya milimani. Kazi yake moja haitajwi sana, nayo yatuhusu zaidi sisi walimu wa lugha: aliamuru itungwe kamusi. Yaitwa Rajavyavaharakosha, yaani hazina ya maneno ya shughuli za ufalme. Aliyeisimamia ni waziri Raghunath Narayan Hanmante. Maneno yapata 1,380 ya barazani, mengi ya Kiajemi na Kiarabu, yamewekewa badala yake ya Kisanskriti, na yote kwa beti.

Haja yake twaielewa. Masultani wa Dekani walikuwa wametawala siku nyingi, na makarani wa Kimarathi walizoea kuandika kwa maneno yao. Shivaji alipotawazwa huko Raigad mwaka 1674, mawaziri wake wanane wakapewa vyeo vya Kisanskriti. Peshwa, kwa mfano, akawa Mukhya Pradhan. Mfalme aliyekataa kuwa chini ya Mughal hakutaka barazani pake paseme kwa sauti ya Mughal.

Lakini kwa kuwa ni kitabu cha lugha, hatuwezi kukisifu chote. Beti husaidia kukumbuka; walakini Kisanskriti kilikuwa cha wasomi. Mpanda farasi wa Kimaratha alinyang'anywa neno ambalo hakulihisi kuwa geni, akapewa jingine lililokuwa geni kwake kweli. Tazama Peshwa: jina hilo halikufa, na wenye cheo hicho wakaja kuitawala dola kutoka Pune, hata Waingereza walipowaondoa mwaka 1818.

Hata vita vilivyompa sifa, vya kuvizia na kukimbilia ngomeni, huitwa ganimi kava, hila za adui. Ganim ni neno la Kiarabu, na msomaji atamtambua ndugu yake, ghanima. Wala mbinu hizo hazikuanza naye: Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akawa waziri wa Ahmadnagar, aliwapiga Mughal namna hiyo pamoja na wapanda farasi wa Kimaratha, kabla ya kufa kwake mwaka 1626. Na tarikh za Wamaratha, zinazotusimulia habari za Shivaji, huitwa bakhar. Wataalamu wengi husema ni khabar iliyogeuzwa herufi.

Wako wenzetu ambao wangefurahi kukisafisha Kiswahili vivyo hivyo. Twawauliza watuanzie na serikali na daftari, maneno ambayo Wamarathi nao wanayo hata leo, sarkar na daftar.

Jambo tunalolipenda zaidi katika kamusi hii, nadhani watungaji wake hawakulikusudia. Ili kulifukuza neno, iliwapasa kwanza waliandike. Basi mtu atakaye kujua leo jinsi watu wa Dekani walivyoita mambo ya hazina, ngome na jikoni mwa mfalme, hukuta maneno yale ya kigeni yamehifadhiwa humo, moja moja, kando ya yale yaliyotakiwa kuyarithi.