House of the Dragon: Viserys alimpa binti yake kiapo, hakumpa sheria

Bandugu, wengi wetu tulitazama seri ya House of the Dragon tukishika upande: huyu wa Rhaenyra, yule wa Aegon. Mabishano hayaishi. Kwa mi, hatutapata jibu tukianzia kwa hao wawili. Sisi wa agronomia tukichunguza ng'ombe tunauliza baba nani, babu nani. Tufanye vile hapa.

Kitabu cha George R. R. Martin, Fire & Blood (2018), kinaeleza hivi. Mfalme Jaehaerys alifiwa na mrithi wake Aemon mwaka wa 92 wa kalenda yao. Aemon aliacha binti mmoja, Rhaenys. Mfalme akamruka, akamweka Baelon, mdogo wake Aemon. Baelon naye akafa mwaka wa 101. Ndipo wakubwa wa nchi wakaitwa Harrenhal, wakamchagua Viserys, mtoto wa Baelon, mbele ya Laenor, mtoto wa Rhaenys. Laenor alikuwa mwanaume, lakini haki yake ilipitia kwa mama. Wengi wakachukua hiyo kuwa kanuni: kiti hakiendi kwa mwanamke, wala hakipiti kwake.

Sasa angalia. Viserys huyo huyo anamtaja binti yake Rhaenyra kuwa mrithi, anaapisha wakubwa, basi. Anaoa tena, anazaa Aegon, na kwa miaka zaidi ya 20 hagusi ile kanuni ya Harrenhal. Kama kanuni ni halali, Rhaenyra hawezi kurithi. Kama siyo halali, Viserys mwenyewe amekalia kiti cha binti ya baba yake mkubwa! Upande wowote utakaoshika, unakwama hapo.

Seri inaanza vizuri, hapo hapo Harrenhal. Lakini inaweka Rhaenys na Viserys peke yao kwenye mizani, na Laenor anapotea. Inaeleweka haraka, tena uchungu wa Rhaenys tunauona. Ila tunapoteza lile jambo la haki kupitia kwa mama, ambalo linagusa hata watoto wa Rhaenyra.

Udhaifu mkubwa uko sehemu ya 8. Viserys anakufa akitaja Aegon wa zamani, mshindi, na Alicent anafikiri anasema mtoto wao. Jina moja, watu wawili. Juu ya nini kuongeza hiyo? Sehemu ya 9 inaonyesha washauri walikuwa wamekwisha kupanga mambo bila Alicent. Ukoo wenyewe ulikuwa na moto wa kutosha.

(Asiyetaka kujua mwisho aruke hapa.) Kitabuni Rhaenyra na Aegon wote wanakufa, na kiti kinaenda kwa mtoto wa Rhaenyra. Martin aliangalia historia ya Uingereza: Henry I aliapisha wakubwa kwa ajili ya binti yake Matilda, lakini alipokufa mwaka 1135 Stephen akachukua taji. Vita ikafuata, na mwaka 1154 mtoto wa Matilda akawa mfalme, Henry II. Yaani haki ilipita kwa mwanamke, lakini baada ya watu kufa wengi.

Kwa hiyo mi sisemi Rhaenyra hakustahili. Baba yake alimpenda, akamwachia kiapo cha watu ambao wangeweza kukisahau, na wakakisahau. Wenzetu mliosoma sheria, mnasemaje?