Neno la Njiani

Watu wengi hudhani kazi ya mchungaji ni mahubiri. Ndiyo inayoonekana: kanzu, mimbari, sauti kwenye spika. Lakini muulize yeyote aliyehudumu katika mji mdogo kama huu wetu wa Mombo, pale magari ya Lushoto yanapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima, atakuambia Jumapili ndiyo siku nyepesi. Mahubiri huandaliwa. Jumanne alasiri haiandaliki: umekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa mjane, na hujui alichokuitia.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo wa kutembelea watu. Una taratibu zake, na chuoni hautahiniwi. Unapiga hodi, unakaa unapoonyeshwa. Biblia inabaki mkobani kwanza. Unauliza mahindi yanaendeleaje, mjukuu yuko darasa la ngapi, maharage wanayanunua bei gani siku hizi. Chai ikija unakunywa, hata kama umetoka kuinywa kwa jirani. Mwenyeji atasema hawajambo, wanamshukuru Mungu. Mnaomba, unaaga. Mchungaji mgeni wa kazi huona ziara imekwisha. Mkongwe anajua ndiyo kwanza inaanza, maana mwenyeji lazima ainuke kumsindikiza mgeni wake, na shida nzito huku kwetu haitajwi sebuleni watoto wakisikia. Hutajwa njiani, mkitembea bega kwa bega, macho mbele, hamtazamani. Mmekaribia lami ndipo unasikia: “Baba Mchungaji, yule kijana wangu wa Dar…”

Hapo usigeuke kumtazama. Usisimame pia, ukisimama atanyamaza. Punguza mwendo tu. Mwinjilisti mmoja mzee, ambaye ndiye hasa aliyenifundisha kazi, alikuwa akiniambia pikipiki niiache mbali na nyumba ya watu. Nilidhani anaogopa kelele. Kumbe aliyeegesha mlangoni hasindikizwi, na asiyesindikizwa haambiwi kitu.

Historia ya misheni imewapenda zaidi waliosafiri mbali. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Hakukata tamaa. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianza kituo cha Rabai, na mwaka 1848 akaipanda milima hii ya Usambara hadi Vuga, kwa mfalme Kimweri. Namheshimu sana, ila habari zake haziniachi salama. Wito humwita mmoja, halafu gharama wanalipa wote waliomo nyumbani.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Usharika unamwita Mama Mchungaji, na kwa jina hilo unamtegemea awaongoze akina mama, apokee wageni wasiotoa taarifa, na asionekane amechoka. Watoto wetu wakikosea, huwa wamelikosea kanisa zima. Uhamisho ukija, wao ndio wanaoacha marafiki na timu ya mpira (sijasikia bado kikao cha uhamisho kilichomuuliza mtoto maoni yake). Mke wangu alikwisha gundua kwamba mezani ninamsikiliza kiofisi, nikiitikia kwa kichwa kama nipo kwenye kikao. Siku hizi akiwa na neno zito ananiambia nimsindikize sokoni.

Na misheni? Majirani zetu wengi hapa ni Waislamu. Tukifiwa usharikani, vijana wao wanashika majembe pamoja na wetu kuchimba kaburi. Wakifiwa wao, nami nakwenda kukaa mkekani kama jirani yeyote. Anayetaka kuniuliza habari za imani yangu huniuliza tukiwa njiani kurudi. Sijaona mkutano wa hadhara uliozaa mazungumzo ya kina hivyo.

Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Mlalo, huko juu, mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa. Waliorejea, vita ya pili ikawaondoa tena. Sharika hazikufa. Walimu na wainjilisti wa hapahapa ndio waliozishika, wakienda kwa miguu kijiji kwa kijiji, wakifundisha, wakizika, wakisindikizwa. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yalikuja na jasho la watu hao, ambao wengi wao hata picha zao hazimo ofisini.

Warithi wao wapo. Mchungaji ana mitaa kadhaa na hawezi kuwa kote. Mwinjilisti ndiye anayelala kijijini na kujua nani hajaonekana ibadani na kwa nini. Jumapili baada ya ibada tunapiga mnada wa sadaka: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, yai. Yai linanunuliwa, mnunuzi analirudisha, linanadiwa upya, watu wanacheka, mpaka bei yake inapita ya trei nzima. Ni furaha ya kweli. Lakini mara nyingi fedha hiyo huishia kwenye vigae vya kanisa, na posho ya mwinjilisti haifiki tarehe kumi na tano, tena kama haikuchelewa.

Wazee wa kanisa, mtakapokaa kupanga bajeti ya mwaka ujao, posho ya mwinjilisti iandikeni mstari wa kwanza. Vigae visubiri mavuno mengine.