Pua Inayoijua Nyumba

Katika nyumba za udongo na makuti za pwani hii, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Mchinga, watu na chakula hulala chini ya paa moja. Mtama, mahindi na makopa ya muhogo hukaa darini au kwenye magunia chumbani, kitanda cha kamba hakiko mbali, na upepo wa bahari huleta unyevunyevu unaowafaa wadudu kuliko unavyotufaa sisi. Anayetunza nyumba ya namna hiyo hawezi kupekua kila gunia na kila fundo la kamba kila siku. Basi hunusa. Huinama kwenye mdomo wa gunia, hupitisha pua nyuma ya kabati la vyombo, huinua pembe ya godoro, kisha anajua pa kuanzia. Jambo hili huitwa mazoea tu, na mara nyingi halitajwi kabisa. Mimi nalihesabu kuwa ujuzi kamili wenye kanuni zake, na hoja yangu inatoka kwa wadudu wenyewe, kwani maisha yao yote yanaendeshwa kwa harufu.

Kunguni akibughudhiwa hutoa kemikali za jamii ya aldehaidi kuwatahadharisha wenzake. Kemikali za jamii hiyohiyo zimo kwenye majani mabichi ya giligilani, ndiyo maana kitanda kilichoingiliwa, ukikigonga sakafuni, hutoa harufu tamu yenye ukali ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Mende huitana kwa harufu ya vinyesi vyao. Vile vidudu vyekundu vya unga vikisongamana humwaga kemikali ziitwazo kwinoni, kinga yao dhidi ya maadui, na unga huingiwa na harufu kali na kuanza kugeuka rangi kuelekea waridi. Fukusi wakiwa wengi, kupumua kwao hutia joto na unyevu katikati ya gunia, ambako jicho halifiki. Ukungu hufuata, na uvundo hupanda juu. Dumuzi ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Mdudu huyu wa Amerika ya Kati aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea na kugeuza mahindi na makopa kuwa vumbi. Dume lake huwaita wenzake kwa harufu, na yupo mdudu mwingine, Teretrius, anayeifuata harufu hiyo na kumla. Watafiti walimwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 kwa sababu hiyo. Kumtafuta mdudu kwa harufu, basi, si ubunifu wa binadamu peke yake.

Itasemwa kwamba pua hudanganyika kwa urahisi. Ni kweli. Nyumba ya pwani ina udi na ubani, moshi wa kuni, shombo la samaki wakavu, na mafuta ya nazi yaliyochacha. Tena pua ikikaa na harufu moja dakika chache huacha kuisikia, na ndiyo sababu mgeni hutambua mlangoni kile ambacho wenyeji wameshakizoea. Lakini hapo ndipo mazoea yanapoachana na ujuzi. Mjuzi hunusa alfajiri kabla moto haujawashwa na chetezo hakijapita, akiingia kutoka kwenye hewa safi ya nje. Hunusa kwa muda mfupi, hutoka, hurudi. Zaidi ya yote anaijua harufu ya nyumba yake ikiwa salama, na anachotafuta ni mabadiliko.

Pingamizi zito zaidi limetoka Marekani, ambako mbwa hufunzwa kunusa kunguni. Jaribio la Florida lililochapishwa mwaka 2008 liliwapa mbwa ufanisi wa zaidi ya asilimia 97. Mwaka 2014 watafiti wengine waliwapeleka mbwa kwenye makazi halisi ya watu. Mbwa hao wakagundua wastani wa asilimia 44 tu ya nyumba zenye kunguni, na wakaonyesha kunguni katika asilimia 15 ya nyumba zisizo nao. Sioni sababu ya kuificha tofauti hiyo. Funzo ninalolipata ni kwamba kunusa ni kazi ya kushuku, na anayeshuku hana budi kuthibitisha. Morogoro wamelielewa hili vizuri: panya buku wa shirika la APOPO, wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu tangu mwaka 2007, hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, ila mgonjwa haambiwi lolote mpaka maabara ihakikishe. Vivyo hivyo nyumbani: baada ya pua, fungua fundo la kamba, pepeta unga, mwaga gunia juani.

Wapo wanaosema dawa zimeuondolea ujuzi huu kazi. Lakini katika vijiji vya mkoa wa Tanga vilivyotumia vyandarua vyenye dawa, utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulikuta kunguni waliokuwa wameshaizoea dawa ya aina hiyo. Anayepuliza nyumba nzima bila kujua wadudu wako wapi huvuta sumu bure, na anawazoesha wale anaotaka kuwaua. Kwa mchwa nakubali pua haina msaada mkubwa. Huko ni afadhali kugonga boriti na kusikiliza. Mifuko ya kinga njaa, inayowanyima wadudu hewa, naisifu bila kusita, nayo pia inahitaji pua: mahindi yaliyofungwa kabla hayajakauka sawasawa huchacha humo ndani, na harufu ya uchachu ndiyo hutoka kwanza siku mfuko unapofunguliwa, kabla mkono haujashika punje.