Sifa kwa Msawazisha Sauti

Flashi ya matatu inayotoka Nanyuki kwenda Meru haina ubaguzi. Humo mna Les Wanyika na Joseph Kamaru, mna kwaya, mna gengetone ya juzi. Wimbo wa Sina Makosa ukiisha, gengetone inalipuka, mama aliyepandia Timau na gunia lake la viazi anashtuka, na dereva anakimbilia kitufe cha sauti. Wimbo unaofuata ni wa zamani; anapandisha tena. Mwenye dawa ya fujo hii ni yule kijana wa kibandani anayepanga nyimbo kwenye kompyuta kabla flashi haijafika garini. Akiifanya kazi vizuri, hakuna abiria atakayejua kwamba imefanyika, na labda ndiyo sababu hasifiwi.

Fundi mvivu hutazama kilele. Huiamuru programu ipandishe kila wimbo mpaka mdundo wake wa juu kabisa uguse kikomo, basi, kwake kazi imekwisha. Lakini sikio halipimi vilele. Chukua wimbo ulionakiliwa kutoka santuri ya miaka ya 1970: mkwaruzo mmoja wa sindano unaruka hadi kikomoni peke yake, wimbo wenyewe ukabaki chini, mnyonge. Wa leo umebanwa studioni hadi kila sekunde yake inakaa juu. Vilele vyao ni sawasawa, na bado mmoja unanong'ona huku mwenzake akifoka.

Ufundi uko katika kupima jinsi sikio linavyosikia. Tangu 1933, Fletcher na Munson wa Marekani walikwisha kuonyesha kwamba besi nzito haitufikii kwa urahisi ule ule wa sauti za kati. Mwaka 2001 David Robinson akapendekeza ReplayGain: programu husikiliza wimbo mzima, hukadiria ukubwa wake kwa sikio la binadamu, kisha huandika namba kando yake, shusha desibeli nane, au pandisha mbili. Muziki wenyewe hauguswi. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, lilitoa kipimo chake, BS.1770, mwaka 2006, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakakubaliana kulinganisha vipindi vyao kwenye LUFS -23, LUFS ikiwa ni kizio cha ukubwa wa sauti kwa kipimo hicho. Marekebisho ya baadaye ya BS.1770 yaliongeza jambo ninalolipenda: sehemu za kimya hazihesabiwi, ili wimbo wenye mapumziko marefu usionekane mpole kuliko ulivyo.

Shida ni kwamba redio nyingi za bei nafuu zinazofungwa garini haziisomi namba iliyoandikwa kando. Hapo ndipo programu ya MP3Gain inapofaa. Yenyewe hubadilisha kiwango kilichohifadhiwa ndani ya kila kipande cha faili la MP3, kwa hatua za desibeli 1.5, bila kuurekodi wimbo upya. Na fundi mzuri hushusha zaidi kuliko anavyopandisha. Ule wimbo wa santuri ukiuongeza desibeli sita, mawimbi yake yanakuwa maradufu, vilele vinavuka kikomo na kukatwa, na spika inaanza kukoroma. Heri ipunguzwe gengetone. Nguvu itakayokosekana dereva ataiongeza mara moja, akae nayo hadi Meru.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo ningemshika mkono. Albamu ya kwaya isipimwe wimbo kwa wimbo. Sala iliyowekwa baada ya wimbo wa shangwe iliimbwa chini makusudi. Ukiiinua hadi ilingane na vigelegele, umemnyang'anya mtunzi alichokusudia. ReplayGain inalijua hilo, ndiyo maana ina vipimo viwili, cha wimbo na cha albamu nzima, na cha pili hushusha au kupandisha nyimbo zote kwa kiasi kimoja.

Mteja naye hakosi la kusema. Akirudi kibandani kulalamika kwamba gengetone yake imepozwa, hakuna haja ya kubishana: MP3Gain huweka kumbukumbu ya hatua ilizoshusha, na fundi huirudisha ilivyokuwa bila kupoteza chochote.