Jedwali la Deraya, Barazani Shela

Rafiki yangu alifuta deraya tano kwa raba, mstari mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kila akimaliza mmoja alipuliza vumbi la karatasi, akausoma upya ukurasa mzima kuanzia juu. Tulikuwa barazani kwake mtaa wa Shela, hapa Malindi, baada ya alasiri, dadu zimo kwenye kibakuli cha bati. Yeye ndiye mwendesha mchezo: husimulia safari, sisi tunajibu kwa ndimi za wahusika wetu, na penye shaka dadu hukata shauri.

Michezo ya aina hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Jedwali lake la silaha lilitoka Ulaya ya mashujaa wa farasi na mavazi ya mabamba ya chuma, na deraya humfanya mtu awe mgumu kupatikana na pigo. RuneQuest ya mwaka 1978, kazi ya Steve Perrin na wenzake, ilifuata njia nyingine. Pigo linafika, ila deraya inalipunguza, na kila kiungo kina kinga yake. Rafiki yangu aliuchagua mfumo huu wa pili. Nadhani alifanya vyema, kwa sababu unambana mtunga kanuni: lazima aseme kitu kimetengenezwa kwa nini na kinafunika wapi.

Mchezo wake umewekwa Azania, yaani pwani yetu, ya karne ya kwanza, na tegemeo lake ni Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki. Humo mna orodha ya bidhaa zilizoletwa huku hadi bandari ya Rhapta: mikuki iliyotengenezwa Muza, huko Yemeni, mahsusi kwa biashara hii, mashoka madogo, majambia, nyuma za kutobolea, vitu vya kioo. Deraya haimo. Ndiyo maana raba ilifanya kazi.

Wengine wangeishia hapo. Yeye alikaa na ule mkuki wa Muza majuma mawili. Kama umevuka bahari, alijiuliza, ukivunjika unapata wapi mwingine? Akaandika kanuni ya sentensi moja: mkuki wa Muza uliovunjika haununuliki tena mpaka kaskazi ilete vyombo. Tangu hapo hakuna anayeurusha ovyo. Tunachoma nao, tunaushika mkononi, tunaulinda kama mtoto. Hakugusa alama za jeraha hata moja, ila sote tulibadilika namna ya kupigana. Nilimkumbusha kwamba mwanajiografia al-Idrisi, mwaka 1154, alikitaja chuma cha Malindi. Akatikisa kichwa: hicho ni cha miaka elfu moja baadaye.

Pa pekee alipoazima zama za karibu ni kwenye mshale, na ameandika hivyo pembeni. Alikwenda nje ya mji kwa mzee mmoja wa Kigiriama, akamwamkia, akaomba, “Babu, nieleze uchungu wa mshale.” Mzee alimweleza msunguti unavyochemshwa saa nyingi mpaka ubaki utomvu mweusi kama lami, unavyopakwa nyuma ya kigumba, kisha ukafungwa kwa ukanda wa ngozi laini usikauke. Ukanda unavuliwa karibu na kupiga. Sumu ile husimamisha moyo ikiingia damuni.

Kwa hiyo mshale wake unajeruhi kidogo sana, dadu ya pande nne tu. Kisha kila zamu mhusika aliyechomwa anatupia moyo wake dadu, na kila zamu inakuwa ngumu kuliko iliyopita. Na ukisahau kutamka kwamba umevua ukanda, umerusha kijiti.

Jioni hiyo mmoja wetu, baharia kutoka Misri, alishikilia kuvaa deraya ya shaba nyeusi aliyokuja nayo.

“Vaa, ndugu yangu,” rafiki yangu alimjibu kwa upole. “Andika uzito wake tu.”

Tulipita hori ya Mida kwa chombo kidogo cha kushonwa, maji yakatoka, tukashuka kwenye matope ya mikoko. Kila hatua baharia alitupa dadu ya pumzi, na mara tatu alishindwa. Mshale ulipotoka majanini, alitupa dadu ya pande 20 kujua umempata wapi. Ikaonyesha 7, mguu wa kushoto. Shaba ilikuwa kifuani.

Tulinyamaza. Rafiki yangu hakufurahia. Alivuta daftari, akatazama uzito alioupa deraya ile, akaufuta, akauandika upya umepungua kidogo. “Matope yalimwonea,” alisema. Kisha akamsogezea baharia dadu atupie moyo wake.