Mtikiti Juu ya Mizizi ya Mmumunye

Mkulima akirudia tikiti maji shamba lilelile msimu hata msimu, ukungu uitwao fuzari hujijenga udongoni. Huingia mizizini, ukaziba njia za maji, na mmea uliokwisha kuzaa ukanyauka ilhali ardhi ina unyevu. Kuliacha shamba hakusaidii upesi, maana ukungu huo hudumu ardhini miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakulima wa Japani walianza kuubebesha mtikiti juu ya mizizi ya mmea wa maboga, na baadaye ya mmumunye, ambayo fuzari ya tikiti haiiwezi. Leo sehemu kubwa ya matikiti ya Japani na Korea Kusini huzaliwa juu ya mizizi ya kuazima.

Mmumunye husiwa kwanza, mtikiti ukafuata baada ya wiki moja hivi, ili shina la chini liwe nene kuliko la juu. Fundi huondoa kichipukizi cha mmumunye lakini huacha majani yake mawili ya mwanzo, kwani ndiyo yatakayolisha kidonda. Kisha huchoma kijiti cha mwanzi kwa mshazari, kutoka ubavu wa jani moja kwenda wa pili, akikwepa uwazi ulio katikati ya shina. Akiutoboa, mtikiti utashusha mizizi humo hadi udongoni, na fuzari itakuwa imefunguliwa mlango. Kijiti hubaki palepale wakati wembe unachonga kikonyo cha mtikiti. Kijiti kikitolewa, kikonyo huingia papo hapo. Hakuna uzi wala kibanio. Tundu lenyewe hukishika.

Hapo miche hufunikwa kwa nailoni kivulini, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 na hewa nzito kwa unyevu. Kikonyo kisicho na mizizi kikikauka kabla mishipa haijaungana, kazi yote imepotea. Baada ya siku chache nailoni hufunuliwa kidogo kidogo. Hata shambani jicho halilali: machipukizi ya mmumunye hung'olewa, na kiungo hakifukiwi, la sivyo mtikiti utaota mizizi yake wenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu asianze na wembe. Aanze na tarehe za kusia mbegu na kivuli cha kuuguzia miche. Mkono utazoea kwa kurudia. Mashina yasiyooana hakuna fundi wa kuyaokoa.